Rubani wa Mashuka

Mtaani kwetu dada yangu wanamwita Rubani. Jina walimpa majirani kwa utani, kwa sababu kila asubuhi hutoka nyumbani na sare iliyonyooka, kitambaa shingoni, akaelekea uwanja wa ndege kama mtu anayekwenda kurusha dude zito angani. Anachorusha dada yangu ni mashuka. Kazi yake ni kutandika vitanda katika ukumbi wa kupumzikia abiria wa daraja la kwanza, wale ambao wakisubiri ndege hawakalishwi kwenye viti vya chuma kama sisi wengine. Wao wanalazwa.

Mimi ni mdogo wake, kinyozi, na mdomo wangu hauna breki. Yale anayosimulia Dada nyumbani, kesho yake yako kibandani kwangu, na mteja akiwa na wembe shingoni hawezi kunikatiza. Ndiyo maana mtaa mzima unajua kwamba katika ukumbi ule maji yanateremka ukutani mchana kutwa bila kuloanisha mtu. Wanajua kuna korido yenye zulia linalomeza nyayo, na vyumba vidogo pande mbili, kila kimoja na kitanda chake. Hakuna kipaza sauti kinachomwita mtu, eti kelele zinawachosha wakubwa. Mgeni anavua viatu nje ya mlango, vinachukuliwa vikapigwe rangi, vinarudishwa palepale. Anayekulaza ndiye anayekuja kukuamsha. Anabisha polepole, anaingia, anagusa godoro upande wa miguu, hagusi mtu.

"Viatu vikiwa nje, mtu yumo ndani," Dada husema. "Sheria ya kule ni hiyo moja tu."

Na habari za ndani ya ndege alikuwa nazo pia, ingawa ndege yenyewe alikuwa anaiona kupitia kioo tu. Wahudumu wa ndege wakija ukumbini kunywa chai walimsimulia: kila abiria wa mbele ana kijumba chake chenye mlango, na kitanda, na kabati la koti. Kwa familia, kuna vijumba vya katikati ambavyo kuta zake zinashuka chini, baba na mama na watoto wanabaki wanatazamana, wanakula pamoja, mawingu yako chini yao.

"Sasa wanapandia nini ndege?" Mama aliuliza siku aliyosikia hilo. "Si wangebaki tu nyumbani?"

Lakini alikuwa anapenda hizo habari kuliko sisi wote. Jumamosi mchana, Dada akiwa zamu ya mapumziko, alitandika kitanda cha Mama kwa mtindo wa kule, shuka limevutwa hadi unaona aibu kulikalia, kona moja imekunjwa kukukaribisha. Mama alijilaza, akaweka mikono kifuani, akafumba macho. Dada alikaa chini sakafuni akawa anasimulia kwa ile sauti yake ya kazini, ya chini, ya kubembeleza. Pazia lilikuwa linapumua dirishani. Mimi nilikuwa nimekuja kuomba chumvi tu, nikajikuta nimeegemea mlango, na kwa muda sikujua kama chumba kile kilikuwa bado kimeshika ardhi.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule maisha yake yote, mpaka uzi ulipoanza kumkataa kwenye tundu la sindano, na sisi kwa huruma tukawa tunamwambia taa ndiyo mbovu. Daktari alisema ni presha ya macho: kuona kwake kunaanza kuliwa pembeni, kunaelekea katikati, na dawa inapunguza mwendo tu. Mama alilisikia hilo kama mtu anayeambiwa bei ya kitambaa. Jioni yake, tukiwa tumekaa uani, aliinua uso juu akakaa hivyo muda mrefu.

"Toka nizaliwe," alisema, "mawingu nimeyaona kwa chini tu. Upande wa juu yakoje?"

Dada aliinuka akaingia ndani, na ninavyomjua, hapohapo alikuwa amekwisha kata shauri.

Pale kazini kwao, mtu akitumikia miaka mingi bila doa, anaruhusiwa kusafiri mara moja na familia yake viti vya mbele kabisa. Sharti ni kwamba vibaki. Abiria wote waingie kwanza, na mlango ukikaribia kufungwa, viti ambavyo wenyewe hawajatokea wanapewa watu wa kazini. Dada alikuwa na haki hiyo muda mrefu na hakuwahi kuigusa. Sasa aliiomba, kwa watu watatu: yeye, Mama na mimi. Tungekwenda mji wa ng'ambo ya mpaka, tungekula chakula cha mchana, tungerudi na ndege ileile jioni. Alitaka Mama akae dirishani, sisi ubavuni kwake, kuta za kijumba zimeshuka, ayaone mawingu angali anaona.

Siku yenyewe Mama alivaa gauni aliloshona mwenyewe macho yakiwa mazima, na mimi nikavaa suti ya harusi ya rafiki yangu, ambayo ilikuwa inanibana kwapani. Dada alitukagua mlangoni kama askari.

"Na wewe," akaniambia, "kule ndani usiseme na watu. Usiulize bei ya kitu. Usichukue ndala."

"Za bure?"

"Hata za bure."

Tuliruhusiwa kusubiri kwenye ukumbi wenyewe. Nilikuwa nimeusimulia mara nyingi kiasi kwamba nilijiona kama naingia ndani ya maneno yangu mwenyewe. Maji yalikuwa ukutani, kweli, yanateremka bila haraka. Mwanga haukuwa na taa. Ulikuwa umo tu, wa rangi ya asali, na watu ndani yake walikuwa wanatembea kama wamesahau walikokuwa wanakwenda. Mzee mmoja alikuwa amelala kwenye kochi na gazeti usoni, gazeti likipanda na kushuka. Nje ya kioo kikubwa, ndege zilikuwa zinapita bila sauti yoyote, kubwa, nyeupe, na Mama alisimama mbele ya kioo akageuza kichwa huku na huku kuzitafuta, kwa sababu siku hizo ilibidi avitafute vitu ndipo avione.

Halafu wenzake Dada wakamgundua.

"Mama yetu huyu?" alisema mmoja, binti mwenye vishimo mashavuni, aliyekuwa zamu ya vyumba siku hiyo. "Shikamoo, Mama! Leo wewe ni mgeni wangu."

Wakaja wote. Wa chai aliacha chai, wa taulo aliacha taulo. Sijui Dada amewatendea nini watu wale, maana walimshika Mama kama yai. Vishimo alimpeleka chumbani, akamvua viatu, akamlaza, akamfunika, wakaanza kupokezana: huyu anamkanda miguu, yule anamletea juisi, mwingine amekaa tu kitandani anacheka. Mama akasema maneno ambayo yalimfanya Dada ageukie ukuta.

"Kumbe ndivyo unavyowafanyia watu kila siku, mwanangu. Nilikuwa nafikiri ni hadithi tu."

Akalala. Mimi nikaachwa kwenye kochi, na kochi lile lilikuwa na njama zake. Nilizama. Mara nilijiona niko juu ya maji, mara niko kibandani nanyoa wingu, na wingu linaniambia nipunguze pembeni. Sijawahi kuwa na usingizi mtamu kama ule, na nasema hivyo nikiwa na hasira nao mpaka leo.

Aliyeniamsha ni Dada. Macho yalikuwa yanamwaka kama ya msichana mdogo.

"Yule kaka anayepandisha abiria langoni amenipigia," alisema. "Kilibaki kiti kimoja tu, nikawa nimeshakata tamaa. Lakini kuna familia haijatokea, baba, mama na watoto wawili, wale wa vijumba vya katikati. Mlango unakaribia kufungwa. Wasipotokea, viti ni vyetu. Twende tumchukue Mama."

Tuliingia koridoni karibu tukimbie, ingawa zulia lile halikukubali mtu akimbie. Chumba cha Mama kilikuwa cha mwisho. Hatukukifikia. Dada alisimama ghafla hata nikampiga kikumbo.

Mbele ya mlango mmoja kulikuwa na viatu. Vya mwanaume, vimepigwa rangi vinang'aa. Vya mwanamke, vya kisigino. Na pea mbili ndogo, moja ya kike, yenye vifungo vya plastiki vilivyofanana na peremende.

Nilielewa kabla hajasema. Vishimo alikuwa amewalaza wale watu, na Vishimo huyohuyo alipaswa kuwaamsha, na tangu tufike alikuwa amejifungia na mama yetu, anamkanda miguu. Walikuwa wametoka safari ndefu, wamechoka, wamelala fofofo, na katika ukumbi ule hakuna sauti yoyote duniani ambayo ingewaambia kwamba ndege yao inaondoka.

"Dada," nikasema. "Twende."

Hakusogea.

"Leo hupo kazini. Umevaa gauni. Si kosa lako hili, wala hukuwalaza wewe."

"Wanalala," alisema, kwa ile sauti yake ya chini.

"Waache walale! Watu kama hao watapanda nyingine kesho, watapewa na maua ya kuombwa radhi. Mama atapanda lini? Niambie. Mwezi ujao ataona nini?"

Alinitazama, na sitaki kuusema uso ule vizuri. Alikuwa anataka. Alikuwa anataka kuliko nilivyotaka mimi, kwa sababu mimi nilikuwa naitaka safari tu, lakini yeye alikuwa ameitandika miaka yote ile, shuka baada ya shuka, kwa ajili ya migongo ya watu wengine. Nikasema moyoni, haya, ameshakubali.

Akachuchumaa. Akavigeuza vile viatu vidogo, vidole vielekee nje, tayari kwa miguu. Kisha akasimama, akajifuta uso kwa kiganja, akabisha polepole.

Nilibaki nje nimenuna kama mtoto. Niliona kwa mlango ulioachwa wazi: akagusa godoro upande wa miguu. Baba akaketi, akaangalia saa, akaruka. Mama mtu akaanza kukusanya vitu bila kujua anakusanya nini. Mvulana alivaa viatu akiwa bado amefumba macho. Yule mdogo wa kike hakuamka kabisa, basi dada yangu akamwinua, akambeba begani na kumvisha kiatu kimoja huku akitembea, kingine ameshika mkononi, na wote wakapita mbele yangu mbio kuelekea langoni. Hakuna aliyeniangalia. Niliwachukia wote, hata yule aliyekuwa amelala.

Nilipomfikisha Mama langoni, Dada alikuwa pale na ile familia imeshaingia. Kaka wa langoni alifungua mikono.

"Rubani, kimebaki kile kimoja. Nifanyeje?"

"Cha dirishani?"

"Cha dirishani."

Mama alikuwa bado na joto la kitanda. Alimshika Dada mkono. "Panda wewe," alisema. "Kazi ni yako, haki ni yako. Mimi mwanamke mzima nikapotee nchi za watu?"

"Hutashuka, Mama. Mkuu wa wahudumu ni rafiki yangu, atakaa nawe mpaka ndege irudi."

"Nimesema panda wewe."

"Mama," alisema Dada, na hapo hakutumia sauti ya kazini, alitumia ya nyumbani, ile ya kugombania ufagio. "Mimi macho ninayo. Nenda."

Mama akaenda. Alishikwa mkono na mhudumu wa ndege, akaingia kwenye lile bomba refu la kupitia kwenda ndegeni akipapasa ukuta, mpaka kona ikammeza. Niliona ndege ikirudi nyuma, ikageuka, ikaenda zake. Ilipopaa, Dada alikuwa ameweka kiganja kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimempa kisogo.

Tulisubiri pale mchana kutwa na sikumsemesha. Wenzake walikuja mmojammoja. Vishimo alilia mpaka vishimo vikajaa. Dada alimfariji yeye, badala ya yeye kufarijiwa, jambo ambalo lilizidi kunichoma. Akaniletea chai. Sikuinywa. Saa za alasiri zikalainika, mwanga ukawa mzito, ndege zikaendelea kupita kimya nyuma ya kioo, na mimi nilizitazama hadi zikaacha kuwa ndege, zikawa weupe tu unaosogea.

"Ungenyamaza tu," nilimwambia hatimaye. "Hukuhitaji kufanya kitu. Ungepita tu."

"Najua," alisema. "Kama ningepita, nisingeweza kumlaza mtu mwingine. Nani angelala, akijua kwamba anayemlinda anataka kiti chake?"

"Basi Mama ameruka peke yake kama mzigo, hana wa kumwambia hata moja."

Hilo lilimpata. Nililiona likiingia, na sikulirudisha.

Mama alitoka kwa lile bomba akiwa amevaa ndala za kwenye ndege, viatu mkononi, na rafiki yake Dada ubavuni. Alionekana mdogo na ametulia sana. Tulimkalisha. Dada alipiga magoti mbele yake akamshika mikono yote miwili.

"Uliyaona?"

Mama alikuwa bado anatoka mbali.

"Walinilaza," alisema. "Wakanifunika. Ndege ikanguruma, ikanyanyuka, tumbo likabaki chini. Mhudumu akasema, Mama, tazama nje sasa. Nikatazama. Kulikuwa na weupe mtupu. Juu weupe, chini weupe, kila nilipogeuka. Nikasema, ndiyo hivyo. Macho yamekwisha. Yameniishia hukuhuku, hata sijafika."

Dada alishusha kichwa.

"Nikatulia. Nikasema sitamwambia mtu, nitarudi nyumbani niseme yalikuwa mazuri. Nikavuta shuka hadi hapa, nikafumba macho. Basi kakaja katoto ka kike, ka jirani, kana kiatu kimoja. Kakapanda kitandani kwangu bila hodi, kakabandika pua dirishani. Kakasema kwa hasira, Bibi, mimi sioni kitu! Baba yake akaja kukachukua, akachungulia na yeye, akasema, ni kweli, hakuna kinachoonekana, tumo ndani ya wingu." Mama akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika. "Hata wao! Watu wazima wenye macho yao! Nikafumbua yangu haraka. Nikakaa na yule mtoto tunatazama wote ule weupe, mpaka ukapasuka."

"Ukapasuka?"

"Tukatokea juu, mwanangu. Jua tupu. Na yale mawingu yamelala chini yetu, yametandikwa mpaka mwisho wa dunia, hakuna mtu aliyeyakalia. Nimeyaona. Kwa jicho hili la kulia, lakini nimeyaona."

Dada aliweka uso wake kwenye mapaja ya Mama, akalia kwa sauti, ndani ya ukumbi ambao hakuna mtu anayepandisha sauti. Lakini hasira yangu ilikuwa bado haijapata pa kwenda, ikatoka mdomoni.

"Tungekuwepo sisi, tungekuambia ni wingu. Usingepata hata hofu."

Mama alinyoosha mkono, akautafuta uso wangu, akaupata.

"Nyinyi?" alisema. "Nyinyi mwaka mzima mnaniambia taa ndiyo mbovu. Mngesema ni wingu, nisingewaamini."

Dada aliinua kichwa akanitazama, nami nikamtazama.